Sindano ya Almasi na Sharti za Mpokezi

Anayetaka kununua katriji ya bei kubwa kwa ajili ya mashine yake ya santuri huwa na swali ambalo kwa juu juu ni la kifundi, kumbe chini yake pana jambo lililowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni kwa karne nyingi. Katriji ni kile kichwa kidogo kinachokaa mwisho wa mkono wa mashine, kikishika sindano inayosoma santuri. Mnunuzi huweka mbele yake, tuseme, Ortofon SPU ya Denmark, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa matumizi ya shirika la utangazaji la NHK. Na Koetsu, nayo ya Japani, iliyovikwa mbao adimu au jiwe la thamani. Zote tatu huzipigia santuri moja. Katika moja mwimbaji anasogea mbele na kifua chake kimejaa. Katika nyingine anarudi nyuma akaketi kati ya wapigaji wake. Katika ya tatu pumzi yake inasikika kabla ya neno kutoka. Santuri ni ile ile, spika ni zile zile, chumba ni kile kile. Ndipo mnunuzi anapouliza: ipi inasema kweli? Wauzaji wanajibu haraka kwamba ya kwao ndiyo aminifu kuliko zote. Nami naona swali hilo ni halali na lina jibu, ila jibu lenyewe haliko pale ambapo wengi wanalitafuta. Wala waliolifikiria kwa kina zaidi hawakuwa wahandisi wa sauti.

Ili hoja isielee hewani, inafaa kuona kazi inayofanyika. Upande mmoja wa santuri ni mfuo mmoja mrefu unaojizungusha kuelekea katikati, na kuta zake zimechongwa mawimbi ya sauti. Ncha ya almasi hupita humo, huyumbishwa kulia na kushoto, juu na chini, na kuyumba huko hupanda kwenye kijiti chembamba cha alumini, boroni au hata yakuti. Mwisho wa kijiti pana sumaku ndogo inayocheza karibu na koili zilizotulia, au koili ndogo zinazocheza karibu na sumaku iliyotulia. Aina ya kwanza hutoa umeme wa milivolti tatu hadi sita hivi. Aina ya pili, ambayo ndiyo wengi huihesabu kuwa ya daraja la juu, hutoa chini ya nusu milivolti, na DL-103 hutoa 0.3 tu. Umeme huo lazima ukuzwe mara elfu kadhaa, na lazima pia unyooshwe, kwa sababu mchongaji alipunguza sauti nzito na kuongeza zile nyembamba kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954 ili mfuo usichukue nafasi kubwa mno na mkwaruzo usifunike muziki. Kati ya koo la mwimbaji na sikio la msikilizaji pana mikono mingi: maikrofoni, mkanda, mchongaji, chapa ya chuma, sindano, koili, amplifaya, spika. Katriji ni mmoja tu katika mlolongo huo, lakini ndiye anayegusa maandishi yenyewe.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kwamba katriji aminifu ni ile inayotoa sauti inayofanana na tukio la asili. Jibu hili lina mvuto, na limewahi kufanyiwa maonyesho ya hadhara. Kati ya mwaka 1915 na 1925 kampuni ya Thomas Edison ilizunguka Marekani ikimsimamisha mwimbaji jukwaani kando ya mashine. Mwimbaji aliimba, akanyamaza katikati, mashine ikaendelea peke yake, na mara nyingine taa zilizimwa ili watu washindwe kujua ni lini mmoja alimpokea mwenzake. Wengi walitoka wakiapa kwamba hawakusikia tofauti. Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ilingane na ile ya mashine. Ushahidi wa kufanana ulipatikana, lakini aliyefananishwa alikuwa mtu. Tangu hapo hali imezidi kuwa ngumu. Mpiga piano Glenn Gould aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964, akajifungia studio, na kazi zake nyingi zikawa ni vipande vya mikanda vilivyounganishwa. Wimbo unaosikika haukupigwa hivyo na mtu yeyote kwa mfululizo siku yoyote. Katika santuri nyingi za muziki wa dansi na wa pop, mpiga ngoma na mwimbaji hawakuwa hata katika chumba kimoja saa ile ile. Anayeitaka katriji iwe aminifu kwa tukio la asili anaitaka iwe shahidi wa jambo ambalo pengine halikutokea, na hata lilipotokea yeye mwenyewe hakuwepo alisikie.

Kutokana na hapo wapo wanaoruka moja kwa moja kwenye hitimisho kwamba uaminifu ni neno la biashara tu. Mwanazuoni Jonathan Sterne, katika kitabu chake The Audible Past cha mwaka 2003, alionyesha kwa ustadi kwamba katika kurekodi kile kinachoitwa asili hutengenezwa kwa ajili ya nakala: watu huimba kwa namna ile kwa sababu maikrofoni iko pale. Wengine wanalisema jambo hilo kwa lugha ya mtaani, kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Mtu achukue katriji inayomfurahisha na aachane na habari za ukweli. Nakubali dai la Sterne kuhusu asili, na ni dai zito. Ninachokataa ni ile hatua ya pili, kwamba kwa kuwa hatuwezi kuifikia asili, basi hakuna wapokezi bora na wapokezi duni. Hatua hiyo ingekuwa sahihi kama njia pekee ya kumpima mpokezi ingekuwa ni kulinganisha maneno yake na tukio lenyewe. Lakini sivyo tunavyowapima mashahidi mahakamani, sivyo wanahistoria wanavyozipima nyaraka, na kuna taaluma moja iliyolijenga suala hili kwa umakini kuliko nyingine zote ninazozifahamu, nayo ni elimu ya upokezi wa hadithi.

Wanazuoni wa hadithi walikuwa katika hali ile ile inayomvunja moyo mwenye shaka. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kurudi Madina kusikia maneno ya Mtume kwa masikio yake. Walichokuwa nacho ni minyororo ya watu, fulani kapokea kwa fulani. Hawakusema kwamba basi kila mtu ashike anayoipenda. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, na ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, aliweka katika Risala yake masharti ya mtu ambaye habari yake itapokewa: awe mwadilifu katika dini na mkweli katika mazungumzo, aielewe habari anayoipokeza, aijue lafudhi inayoweza kugeuza maana, aipokeze kwa herufi zake kama alivyoisikia, aihifadhi vizuri kwa moyo au kwa kitabu, na asiwe mwenye kuficha aliyempokelea. Kisha akaongeza sharti ambalo kwa hoja yetu ndilo kiini: anaposhirikiana na mahafidhi wengine katika habari moja, yake ilingane na yao. Karne nne baadaye Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alilifafanua zaidi. Udhibiti wa mpokezi, yaani usahihi wake, hujulikana kwa kupima mapokezi yake na ya wapokezi waliothibiti; akilingana nao mara nyingi na kuachana nao mara chache, ni mdhibiti; akiachana nao mara nyingi, hategemewi. Siifanyi sindano kuwa sawa na mpokezi wa maneno matukufu, kwani heshima ya jambo moja haihamishiki kwenye jingine. Ninachoazima ni mantiki, na mantiki hiyo inasema kwamba usahihi wa mpokezi unaweza kujulikana bila kuifikia asili.

Mantiki hiyo ikiletwa kwenye katriji inatoa vipimo viwili. Cha kwanza ni makubaliano. Zichukue katriji zilizojengwa kwa kanuni tofauti, yenye sumaku inayocheza, yenye koili zinazocheza, yenye chuma kinachocheza, kutoka kwa watengenezaji wasioiga kazi ya wenzao, na uzipigie santuri moja. Yale wanayokubaliana ni vigumu kuwa yametoka kwao, kwa sababu hawana udhaifu mmoja wa pamoja; yanatoka kwenye mfuo. Anayesema peke yake jambo ambalo wenzake wote hawalijui anahitaji kutiliwa shaka, hata kama jambo lenyewe linapendeza. Cha pili ni kinyume chake, nacho kimejadiliwa na wapenzi wa vyombo vya muziki kwa miaka mingi: mpe mpokezi mmoja santuri nyingi zisizohusiana, okestra ya Vienna, injili ya Memphis, rumba ya Léopoldville ya miaka ya 1950, na usikilize kile kinachojirudia katika zote. Vyumba vile havikuwa na sauti moja, maikrofoni hazikuwa za aina moja, wachongaji hawakufahamiana. Kinachojirudia basi ni sauti ya mpokezi mwenyewe. Katriji inayozifanya santuri zote zipendeze kwa namna moja inasimulia habari zake binafsi, na katriji inayoziachia zitofautiane, hata zile mbaya zibaki mbaya, imejiondoa njiani kwa kiasi kikubwa zaidi.

Hapa kuna pingamizi zuri. Mtu anaweza kusema kwamba kipimo cha pili kinadanganyika kwa urahisi, kwa kuwa katriji inayopandisha sauti nyembamba itazidisha tofauti kati ya santuri na kuonekana ina macho makali. Ni kweli, na si pingamizi la kufikirika. Katriji nyingi za koili zina mwinuko katika masafa ya juu kabisa, na msikilizaji wa mara ya kwanza huusikia mwinuko huo kama uwazi. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Mwenye kutia chumvi hufaulu kwa tofauti lakini huanguka kwa makubaliano, kwani wenzake hawaungi mkono ukali wake. Mwenye kufunika kila kitu kwa asali hufaulu kwa kupendeza lakini huanguka kwa tofauti. Vipimo vya maabara vinasaidia pia, na sina subira na wale wanaovidharau. Santuri ya majaribio yenye mawimbi yanayojulikana itaonyesha mwinuko, itaonyesha kama mkondo wa kushoto unavujia wa kulia, itaonyesha upotoshaji. Hata hivyo santuri ya majaribio nayo ilichongwa na mtu kwa mashine, kwa hiyo ni mpokezi mwingine, mwenye kuaminika zaidi kwa sababu amekwisha kupimwa na wenzake.

Wapo wanaotumaini kwamba siku moja tutaondokana na mpokezi kabisa, tuusome mfuo kwa mwanga bila kuugusa. Mashine za leza za kupigia santuri zimewahi kutengenezwa Japani na kuuzwa, na maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani imebuni njia ya kuupiga picha mfuo na kuugeuza kuwa sauti kwa kompyuta. Matokeo yake ni ya kustaajabisha, na yanafundisha jambo ambalo halikutarajiwa. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alikuwa ameandika sauti juu ya karatasi iliyopakwa masizi mwaka 1860, kwa chombo kisichoweza kuirudisha. Alitaka itazamwe kwa macho. Mwaka 2008 watafiti waliitoa sauti ile kwenye karatasi, na ulimwengu ukasikia kipande cha wimbo wa watoto wa Kifaransa kikiimbwa, ilivyodhaniwa, na mwanamke au binti. Mwaka uliofuata ikagunduliwa kwamba kasi ilikuwa maradufu ya ile inayostahili. Kando ya sauti Scott alikuwa ameandika pia mtetemo wa uma wa kupimia, lakini mafundi wa Ufaransa wa enzi hizo walihesabu kwenda na kurudi kama mitetemo miwili, si mmoja. Kasi iliposhushwa nusu, binti akawa mwanamume, yaelekea Scott mwenyewe. Hapakuwa na sindano, hapakuwa na msuguano, na bado msomaji alilazimika kuamua, na uamuzi wake ukageuza jinsia ya mwimbaji. Usomaji usio na msomaji haupo. Kazi yetu ni kumjua msomaji na kuyafahamu maamuzi yake.

Nimezungumzia usahihi peke yake mpaka sasa, lakini wanazuoni wa hadithi walidai mambo mawili: usahihi na uadilifu. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika kitabu chake Truth and Truthfulness cha mwaka 2002, naye aliigawa fadhila ya ukweli mafungu mawili, usahihi na unyofu, na sidhani mgawanyo huo umefanana na wa wanazuoni kwa bahati tu. Kila anayefikiri kwa makini juu ya ushuhuda hufika hapo. Sasa, katriji haina nia. Haiwezi kuwa nyofu wala hila. Uadilifu uko kwa watu walioizunguka, yaani mtengenezaji, mchongaji, muuzaji, mhakiki na mwenye mashine. Mwaka 2022 jambo hili lilidhihirika kwa uchungu. Kampuni ya Mobile Fidelity Sound Lab ya Marekani, ambayo santuri zake za bei kubwa zilipendwa na watu walioamini kwamba zinatoka kwenye mkanda wa asili hadi kwenye mfuo bila kupitia dijitali, ilikiri kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka kumi nyingi kati ya santuri hizo zilikuwa zimepitia hatua ya dijitali katikati. Wapo waliocheka wakisema masikio ya wapenzi wa santuri yameumbuka. Nadhani walicheka mahali pasipo pake. Masikio yale yalisema kwamba santuri zinasikika vizuri, na zilisikika vizuri. Kosa lilikuwa katika mnyororo, kiungo kimoja hakikutajwa. Wanazuoni wa hadithi wanaliita kosa hilo tadlisi, na walilihesabu kuwa dosari ya mpokezi hata pale maneno yenyewe yalipothibitika kuwa sahihi. Waliokasirika mwaka 2022 walikuwa na haki ya kukasirika, ila wangefanya vyema kukasirika kwa sababu iliyo sahihi.

Kuna suala jingine la wanazuoni linaloingia moja kwa moja kwenye ncha ya almasi, nalo ni kama inafaa kupokeza kwa maana badala ya kwa herufi. Kisu cha mchongaji kina makali, lakini ncha ya kawaida ya kusomea ni ya mviringo, kama ile ya DL-103. Mwanzoni mwa santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mfuo unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na katikati kasi hiyo imeshuka hadi 21 hivi. Mawimbi membamba hubanana hapo, na ncha ya mviringo haiingii tena katika mikunjo yao, bali hupita juu yake. Inatoa muhtasari. Ncha zilizochongwa nyembamba, kama ile aliyoibuni Norio Shibata wa kampuni ya JVC kwa ajili ya santuri za mikondo minne, zilizohitaji kusoma mawimbi ya hadi kilohezi 45, hufuata herufi kwa herufi. Hoja ya Imamu Shafii dhidi ya kupokeza kwa maana ilikuwa kwamba asiyejua ni neno lipi linabeba hukumu anaweza kugeuza halali kuwa haramu bila kujua. Ncha ya mviringo haijui inachokiacha. Kwa upande huu naamini bei ina kitu inachokinunua, kwani kuichonga almasi kwa umbo lile na kuipachika ikiwa imenyooka ni kazi ngumu ya mikono na hadubini. Lakini herufi nazo zina masharti yake. Ncha nyembamba iliyofungwa ikiwa imepinda kidogo, au kwenye mkono ambao uzito wake hauendani na ulaini wa kijiti, hupotosha zaidi kuliko ya mviringo, na inaweza kuula mfuo. Mwenye kununua katriji kubwa akaifunga kwa haraka amemtuma hafidhi akamzibe mdomo.

Pingamizi ambalo sitaki kulikwepa ni hili: kwa nini kuhangaika na mfuo, wakati diski ya dijitali tangu mwaka 1982 ina nafasi pana zaidi kati ya sauti hafifu kabisa na kubwa kabisa, haina mkwaruzo, wala haichakai kwa kusomwa? Kama shauku yetu ni ukweli, mbona tusifuate njia fupi? Nakubali kwamba kwa muziki uliorekodiwa kidijitali, au ambao mkanda wake mama upo na umehamishwa kwa uangalifu, sindano haina cha kudai kwa jina la ukweli. Lakini kuna sauti nyingi ambazo mfuo ndio nakala bora iliyobaki, au nakala pekee. Mikanda huoza, hupotea, huungua. Moto uliozuka katika viwanja vya Universal huko Hollywood mwezi Juni 2008 uliteketeza mikanda mama mingi, ingawa ukubwa wa hasara umebishaniwa. Na zipo sauti zilizorekodiwa kabla ya mkanda kuwepo. Kwa hizo swali la katriji linaacha kuwa la starehe.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa nembo ya His Master's Voice. Santuri zile ni za kasi ya 78. Zilipigwa kwa sindano za chuma zilizobadilishwa kila upande, chini ya vichwa vizito vilivyozidi gramu mia moja, wakati katriji ya leo hukanyaga kwa gramu mbili hivi. Kila aliyezifurahia alizikwangua. Mifuo yake ni mipana. Inataka ncha ya mikroni 65 hadi 75, na ncha ya santuri za kisasa, yenye mikroni 18 hivi, hudumbukia chini kabisa ikasoma vumbi na mikwaruzo. Katriji ya dola 10,000 haifai kabisa kuipokeza sauti ya Siti, na katriji ya kawaida yenye ncha pana inafaa. Wataalamu wa kuhifadhi sauti huwa na ncha za upana mbalimbali, nyingine zikiwa zimekatwa chini, na huzijaribu moja baada ya nyingine hadi wapate ile inayokaa kwenye sehemu ya ukuta ambayo sindano za chuma hazikuifikia, juu kidogo au chini kidogo ya kovu. Kuchagua sindano hapo ni kuchagua shahidi ambaye hakupigwa. Kisha wanakabili suala la kasi, maana mashine za enzi hizo hazikuwa na kasi moja kamili, na suala la kunyoosha sauti, maana kanuni ya pamoja ilikuwa bado haijapatikana. Hakuna katriji inayoweza kuyaamua hayo kwa niaba yao.

Kuhusu fedha, naona jambo ni wazi zaidi kuliko linavyofanywa. Makadirio ya kawaida ya watengenezaji huipa ncha ya almasi maisha ya saa 1,000 hivi. Katriji ya dola 10,000 basi hugharimu dola kumi kwa kila saa ya kusikiliza. Ya dola 300 hugharimu senti thelathini. Kurani inaikemea israfu, na anayejitetea kwamba analipia ukweli anapaswa kuonyesha ni kiasi gani cha ukweli kimeongezeka. Kwa vipimo nilivyovieleza, sehemu kubwa ya ongezeko hupatikana mapema, katika umbo la ncha na ufungaji wenye utulivu. Baada ya hapo kinachonunuliwa zaidi ni tabia ya sauti na ufundi wa kazi. Uzuri si dhambi. Yoshiaki Sugano aliziita katriji zake Koetsu kwa heshima ya Hon'ami Kōetsu, msanii Mjapani wa kati ya karne ya 16 na ya 17, na anayezinunua akasema wazi kwamba anapenda rangi ya sauti yake amesema kweli juu ya mnyororo wake. Tatizo liko kwa mhakiki anayeiita rangi hiyo ukweli, hasa kama katriji aliazimwa na muuzaji, kwani shahidi mwenye maslahi hupimwa kwa mizani nyingine.

Yote haya yana tokeo moja la kivitendo ambalo ningependa kuliona likizoeleka, hasa kwa santuri za zamani za taarabu na dansi zinazohamishwa siku hizi kwenye kompyuta na kusambazwa kwenye simu. Maktaba za sauti zenye taratibu nzuri huhifadhi kwanza nakala isiyosafishwa na kuandika kando yake jinsi ilivyopatikana. Mwenye santuri nyumbani naye anaweza. Faili liambatane na jina la katriji, umbo na upana wa ncha, gramu za uzito, kasi iliyotumika na jinsi ilivyokadiriwa, kanuni ya kunyooshea, na kila usafishaji uliofanywa baadaye. Santuri yenyewe ikivunjika, atakayeisikia nakala miaka hamsini ijayo ataweza kutenga sauti ya mwimbaji na sauti ya sindano, na akiona kasi ilikosewa, kama ilivyokosewa ya Scott, atakuwa na pa kuanzia kuirekebisha.